Alisoma Muziki, Sasa ni Daktari: Namna ya Kuzielewa Digrii za Mashabiki wa Michezo ya Vyuo Marekani

Mwezi Juni, mwaka juzi, mzee jirani yangu hapa Arusha alipiga hodi akiwa na bahasha ya kaki kwapani. Kijana wake wa mwisho, mkimbiaji wa mita 1,500, alikuwa amepata nafasi ya kusoma na kukimbia katika chuo kikuu kimoja cha Marekani. Nilitegemea nimkute na furaha, lakini alikuwa na uso wa mtu aliyepotelewa.

"Mwalimu," aliniambia hata hajakaa, "barua hii nimeisoma mara tatu. Wamesema watamlipia ada. Wamesema atalala wapi na atakula nini. Hawajasema atasoma nini."

Akanionyesha mstari wenyewe kwa kidole. Mahali ambapo sisi tungeandika uhandisi, sheria au ualimu, paliandikwa kwamba mwanafunzi bado hajachagua. Kijana anataka udaktari tangu darasa la tano. "Sasa mwanangu anakwenda kusomea kukimbia?"

Kijana naye alikuwa na lake. Tangu barua ifike alikuwa akifuatilia mashabiki wa timu ya chuo kile, na akawakuta wanaulizana swali moja: ulisoma nini, na leo unafanya kazi gani? Majibu yalimvuruga kabisa. Mmoja alisoma falsafa, leo ni wakili. Mwingine alisoma muziki, leo ni daktari wa watoto. Yupo aliyesoma historia na anafanya kazi benki, na yupo wa kilimo anayeuza bima. "Mwalimu, hawa watu wanasema kweli?"

Wanasema kweli. Ila kweli yao inahitaji ufunguo, na bila ufunguo huo kijana wa Arusha, Eldoret au Mwanza anaweza kuifuata njia ambayo haikujengwa kwa ajili yake. Siku ile nilizungumza na mzee na mwanawe mpaka taa zikawashwa. Tangu wakati huo wazazi wengine wameniletea swali lile lile, kwa hiyo nimeona niliandike.

Kwanza tuelewane kwenye maneno

Michezo ya vyuo kwetu ni jambo la wanafunzi wenyewe. Marekani ni jambo la taifa. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan unaingiza watu 107,601. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000, kisha utafute watu wengine zaidi ya 47,000, ndipo uufikie. Na huo ni uwanja wa chuo, unaojazwa siku ya Jumamosi kutazama vijana wa miaka 18 hadi 23 wanaotakiwa Jumatatu wawe darasani.

Shabiki wa timu ya chuo si lazima awe amesoma chuo hicho, na watu wengi hukosea hapa. Jimbo la Nebraska, kwa mfano, halina timu ya ligi kuu ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani. Timu yao ni ya chuo kikuu cha jimbo, na kila mechi ya nyumbani imeuzwa tiketi zote tangu mwaka 1962. Wenyeji husema siku ya mechi uwanja ule unakuwa mji wa tatu kwa ukubwa katika jimbo zima, na hesabu inakubali. Waliomo humo ni wahitimu, wakulima ambao hawakukanyaga chuo chochote, na watoto waliorithi jezi kwa babu kama mtoto wa Kariakoo anavyozaliwa ndani ya Simba au Yanga. Kwa hiyo mashabiki wanapoulizana walisoma nini, usishangae kumsikia mtu akijibu kwamba alisoma chuo cha watani.

Halafu kuna digrii. Hapa ninazungumzia shahada ya kwanza, ile ya miaka minne. Ndani yake kuna kitu nitakachokiita somo kuu, yaani somo ambalo mwanafunzi analichimba kuliko mengine, na wengine huongeza somo dogo pembeni. Mfano ulio karibu nasi ni Wangari Maathai. Mwaka 1960 aliingia chuo kidogo cha watawa wa Kibenedikti mjini Atchison, Kansas. Somo lake kuu lilikuwa baiolojia, na pembeni alikuwa na kemia na Kijerumani. Kijerumani! Hakuna aliyemuuliza Kijerumani na mimea vinahusiana nini. Mwaka 1964 alihitimu, akasoma shahada ya pili Pittsburgh, na mwaka 1971 akapata uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi, kwenye anatomia ya wanyama. Dunia ikaja kumjua kwa kupanda miti, na mwaka 2004 akapata Nobeli ya Amani. Baiolojia, anatomia, miti, amani. Hebu jaribu kuyabashiri hayo yote kwa kuangalia cheti cha kwanza peke yake.

Ifikirie kama PCB

Ulinganisho uliomtuliza mzee ni huu. Mtoto wetu akimaliza kidato cha sita na PCB, hakuna anayemwita daktari. Amesoma fizikia, kemia na baiolojia, basi. Baadaye mwenzake wa dawati moja atakuwa mfamasia, wa pili mwalimu, wa tatu bwana shamba, na wa nne utamkuta dirishani benki. Hakuna anayesema PCB yake imepotea. Tunajua tahasusi inafungua baadhi ya milango, na mlango gani mtu ataingia ni suala la baadaye.

Shahada ya kwanza ya Marekani, kwa masomo mengi, inafanana zaidi na tahasusi kuliko na digrii zetu. Kwetu kijana wa miaka 19 au 20 anachagua sheria na anaingia darasa la sheria siku ya kwanza. Udaktari anausoma miaka mitano Tanzania, sita Kenya, moja kwa moja kutoka sekondari. Kule haiko hivyo. Sheria ni shule ya miaka mitatu ambayo unaingia baada ya kuwa na shahada ya kwanza. Udaktari ni miaka minne baada ya shahada ya kwanza, kisha miaka mitatu hadi saba ya mafunzo hospitalini kutegemea ubingwa.

Kwa hiyo yule wa falsafa ambaye ni wakili hakurukaruka. Shule za sheria hazidai somo kuu maalumu. Zinadai shahada yenye alama nzuri na mtihani wa kuingilia. Yule wa muziki ambaye ni daktari alisoma muziki kama somo kuu, na pembeni akapita kwenye baiolojia, kemia, kemia ya viumbe hai na fizikia, kwa sababu shule za udaktari zinayataka hayo, akafanya mtihani wao, akaingia. Anapojibu shabiki mwenzake kwa sentensi moja, "nilisoma muziki, sasa ni daktari", ameruka karibu miaka kumi iliyo katikati. Mmarekani anayemsikiliza anaijaza mwenyewe kichwani. Sisi hatuijazi, kwa sababu kwetu haipo.

Hesabu ya madarasa nayo inasaidia kuona. Shahada nyingi za miaka minne zinahitaji krediti 120. Darasa moja la muhula kwa kawaida ni krediti tatu, hivyo ni madarasa kama 40. Katika hayo, somo kuu mara nyingi huchukua thuluthi moja au zaidi kidogo. Yanayobaki ni masomo ya lazima kwa wote, kama uandishi, hisabati, sayansi na historia, pamoja na yale ambayo mwanafunzi anajichagulia. Ndiyo maana barua ya mzee ilisema kijana hajachagua. Vyuo vingi vinamruhusu mwanafunzi kukaa mwaka mmoja au miwili akionja kabla ya kutaja somo kuu. Hajasahauliwa mtu hapo.

Lakini nisipotoshe. Zipo kozi ambazo jina la digrii ndilo kazi yenyewe. Uuguzi ni hivyo, uhandisi ni hivyo, na ualimu wa shule za umma unahitaji leseni ya jimbo. Mhasibu anayetaka cheti cha juu cha taaluma yake kwa muda mrefu amekuwa akidaiwa krediti 150, yaani zaidi ya shahada ya kawaida. Mtu wa kozi hizi hawezi kukaa miaka miwili akionja, kwa sababu madarasa yake yamepangana kama ngazi na ukikosa kipandio kimoja unasubiri mwaka. Wasikilize mashabiki kwa makini: wauguzi na wahandisi wao hadithi zao ni fupi. "Nilisoma uhandisi wa mitambo, mimi ni mhandisi wa mitambo." Hadithi ndefu zenye kona ni za historia, mawasiliano, saikolojia na sayansi ya siasa, na kwa kuwa zinanoga kusimulia, ndizo zinazosikika zaidi. Waliosoma historia na hawajapata kazi ya maana hata leo, hao hawajitokezi sana kujibu.

Kwa nini wanaulizana mambo haya

Mgeni anaweza kushangaa: watu wa mpira wanatafuta nini kwenye vyeti? Sababu ya kwanza ni kalenda. Msimu wa futiboli ya vyuo unaanza mwishoni mwa Agosti na kumalizika Januari. Baada ya hapo ni miezi saba mikavu. Mpira wa kikapu unawasogeza hadi mwanzoni mwa Aprili, kisha kimya. Watu waliokaa jukwaa moja msimu mzima, wakalia pamoja na kutukana mwamuzi pamoja, wanabaki na muda wa kujuana. Na kitu walicho nacho wote, au karibu wote, ni chuo.

Sababu ya pili iko ndani zaidi, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote: kazi za watu wa kule ziliandikwa ndani ya majina ya timu zao kabla hawajazaliwa. Timu ya Nebraska inaitwa wamenya mahindi. Timu ya Purdue, chuo cha uhandisi cha jimbo la Indiana, inaitwa mafundi wa boila. Neil Armstrong, mtu wa kwanza kukanyaga mwezi, alipata digrii yake ya uhandisi wa ndege hapo mwaka 1955. Timu ya Oklahoma State ni wachunga ng'ombe. Na ukiona chuo kina herufi A na M katika jina lake, kama Texas A&M au Florida A&M, herufi hizo asili yake ni kilimo na ufundi wa mitambo.

Chanzo kikubwa ni sheria iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln tarehe 2 Julai 1862, ya mbunge Justin Morrill. Serikali kuu iliyapa majimbo ardhi, majimbo yakaiuza, na fedha zikaanzisha au kukuza vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi kwa watoto wa watu wa kawaida. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kwa wenyeji wa asili wa bara lile, jambo ambalo vyuo vingi vilikaa muda mrefu bila kulisema. Mwaka 1890 ikaja sheria ya pili, iliyoyataka majimbo yaliyowazuia Weusi yawe na vyuo kwa ajili yao pia. Fikiria kama kila mkoa ungepewa chuo kikuu chake cha kilimo, SUA yake au Egerton yake, kisha kila SUA ikawa na timu inayopendwa kama Yanga.

Ndiyo maana utani wao wa jadi umejaa kazi. Mashabiki wa chuo cha jimbo kinachojiona cha wenye vyeo huwaita watani wao watu wa ng'ombe. Wa kilimo nao hujibu kwamba asubuhi hii umekunywa maziwa ya nani. Katika utani huo kuna swali zito kuhusu thamani ya kazi na digrii ya nani, na mtu anaposema "nilisoma sayansi ya wanyama, nina mifugo yangu" anasema kwa kichwa juu.

Na wachezaji wenyewe, wanasoma kweli?

Swali hili ndilo linalobishaniwa kuliko yote, na jibu lake halikai upande mmoja.

Ukweli wa kwanza ni kwamba wachezaji wengi kabisa hawataishi kwa mpira. Katika futiboli na katika mpira wa kikapu wa wanaume, wanaotoka vyuoni na kuchaguliwa kuingia ligi kuu za kulipwa ni chini ya asilimia 2 ya walio na sifa ya kuchaguliwa. Waliobaki wanahitaji kazi kama mtu mwingine yeyote, nao wakishamaliza kucheza wanakuwa mashabiki wanaojibu lile swali.

Wa pili: kuna masharti. NCAA, chama kinachosimamia sehemu kubwa ya michezo ya vyuo, kinamtaka mchezaji wa daraja la kwanza awe amekamilisha asilimia 40 ya digrii yake ifikapo mwisho wa mwaka wa pili, asilimia 60 mwisho wa mwaka wa tatu, na 80 mwisho wa wa nne. Asipofika, hachezi. Mwanafunzi wa kwetu anajua kusapu, yaani kurudia mtihani, na kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli; mchezaji wa kule anaweza kuwa hajadisko darasani na bado akadisko uwanjani.

Sharti hilo zuri lina matokeo ambayo hayakukusudiwa. Mchezaji akibadili somo kuu mwaka wa tatu, madarasa mengi aliyosoma hayahesabiki kwenye digrii mpya, na asilimia zake zinashuka. Kwa hiyo anabaki alipo. Tena mazoezi yanakuja mchana, wakati ule ule wa maabara za kemia. Kwa kanuni, wakati wa msimu, mchezaji hatakiwi kuzidisha saa 20 za mazoezi kwa wiki, lakini ukijumlisha safari, matibabu na kutazama video za wapinzani, wengi wanavuka. Ndipo unakuta nusu ya timu imejaa kwenye somo moja au mawili ambayo ratiba yake inaendana vizuri na mazoezi. Watu wanasema wachezaji ni wavivu. Mimi naona ratiba imewachagulia.

Na ulaghai umekuwepo, usifichwe. Katika Chuo Kikuu cha North Carolina, kati ya 1993 na 2011, wanafunzi zaidi ya 3,100 walipita kwenye madarasa ya karatasi tu, yasiyo na mhadhara wala mwalimu wa kweli, na karibu nusu yao walikuwa wanamichezo. Taarifa ya uchunguzi ilitoka mwaka 2014. Vijana wale waliibiwa elimu waliyoahidiwa.

Upande wa pili wapo watu kama Alan Page. Alicheza Notre Dame akisoma sayansi ya siasa, akahitimu 1967, akawa mmoja wa mabeki wa kutisha katika ligi ya kulipwa, na huku bado anacheza akasoma sheria Chuo Kikuu cha Minnesota na kumaliza 1978. Kuanzia 1993 hadi 2015 alikuwa jaji wa mahakama ya juu ya jimbo hilo. Myron Rolle wa Florida State alipata ufadhili wa Rhodes kwenda Oxford, akachaguliwa kuingia ligi ya kulipwa mwaka 2010, kisha akarudi kusoma udaktari na kuingia upasuaji wa ubongo. Gerald Ford, aliyekuja kuwa rais mwaka 1974, alicheza Michigan akisoma uchumi, akazikataa timu mbili za kulipwa, akaenda Yale kufundisha wachezaji na kusoma sheria.

Na wapo wa kwetu. Mike Boit, aliyepata shaba ya mita 800 Munich mwaka 1972, alisoma Marekani mpaka uzamivu wa Chuo Kikuu cha Oregon, akarudi Kenya, akawa kamishna wa michezo na profesa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Suleiman Nyambui wetu alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, akachukua fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, na baadaye akawa kocha na kiongozi wa riadha Tanzania. Sally Kipyego alisoma uuguzi Texas Tech huku akishinda mataji ya vyuo, kisha akapata fedha ya mita 10,000 London mwaka 2012. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akacheza kikapu Connecticut miaka mitatu, na mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kati ya wote kuingia NBA. Majina manne, njia nne, na ni moja tu inayofanana na ile ambayo vijana wengi wanaiota.

Yanayomhusu mtoto anayetoka huku

Hapa ndipo nilipomwomba mzee asogeze kiti, kwa sababu mashabiki wa kule hawatakuambia haya. Wao hayawahusu.

Kwanza, si kila mchezaji analipiwa kila kitu. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA havitoi ufadhili wa michezo kabisa, na vile vinane vya kundi la Ivy, kina Harvard na Yale, navyo havitoi. Vinavyotoa, mara nyingi hugawa: mmoja nusu ya ada, mwingine robo. Fedha hiyo si bumu, ile posho ya mwanafunzi ya kuingia mkononi. Kawaida inakatwa moja kwa moja kwenye gharama za chuo. Soma barua mpaka mwisho, uulize kama ufadhili ni wa mwaka mmoja unaohuishwa au wa miaka yote, na mtoto akiumia goti itakuwaje.

Pili, habari za wachezaji wa vyuo kulipwa. Tangu tarehe 1 Julai 2021 mchezaji anaruhusiwa kupata fedha kwa kutumia jina na sura yake katika matangazo, na mwaka 2025 mahakama iliidhinisha makubaliano yanayoviruhusu vyuo kuwagawia wachezaji moja kwa moja sehemu ya mapato. Vijana wamesikia na macho yamewatoka. Lakini mwanafunzi mwenye viza ya masomo haruhusiwi kufanya kazi nje ya chuo bila idhini, na tangazo la biashara linaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Mwenzake Mmarekani akisaini mkataba wa viatu, yeye asisaini chochote kabla hajaingia ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Viza ikiharibika, mbio, digrii na ufadhili vyote vinakwenda pamoja.

Tatu, na hili ndilo lililomfanya kijana anyamaze: ule uhuru wa kusoma historia ukafanya kazi benki ni mpana kwa mwenye pasi ya Marekani, na mwembamba kwako. Ukihitimu na viza ya mwanafunzi unaweza kuomba miezi 12 ya kufanya kazi, na kazi hiyo lazima ihusiane moja kwa moja na somo lako kuu. Ukiwa umesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati unaweza kuongezewa miezi 24. Kwa hiyo kwa Mmarekani jina la digrii linaweza kuwa jambo dogo, na kwako likaamua kama utabaki mwaka mmoja au mitatu.

Na kuhusu udaktari, niliona uso wa kijana lakini ilibidi niseme. Shule nyingi za udaktari za kule hazipokei wanafunzi wa kigeni, zinazopokea huchukua wachache, na mikopo ya serikali yao si ya wageni. Njia ipo, ni nyembamba. Anaweza kusoma shahada ya kwanza kule na kuja kusomea udaktari huku au kwingine. Akirudi na digrii ya nje, kabla ya kuitumia atapitia TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ili itambuliwe, na afya ina masharti yake ya ziada. Mambo haya ni bora kuyajua Juni ukiwa Arusha kuliko kuyagundua mwaka wa nne.

Kijana aliniuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo nisiende?" Nikamwambia aende. Nikamwambia achague somo kuu ambalo hata udaktari ukikataa bado litamlisha, na asiache kuwauliza wale mashabiki. Ila badala ya kuwauliza walisoma nini, awaulize baada ya kuhitimu walifanya nini mwaka wa kwanza, na nani aliwafungulia mlango. Kwa sababu wengi, ukiwachimba, watakwambia kazi ya kwanza walipewa na mtu mwenye jezi kama yao. Mhitimu wa 1988 anaona nembo kwenye barua ya maombi, anakumbuka Jumamosi moja ya mvua uwanjani, anapiga simu. Jukwaa lina faida hiyo, na mgeni asiye na mjomba mjini anaihitaji kuliko mtu yeyote.

Muhula wa kwanza alimtumia baba yake picha ya ratiba. Mzee akaja nayo kwenye simu, amevaa miwani, tukaisoma pamoja. Jumatatu na Jumatano asubuhi, baiolojia. Halafu kemia, maabara yake Alhamisi. Uandishi wa Kiingereza. Hisabati. Kila siku saa kumi jioni, mazoezi. Na Jumanne, katikati ya mchana, historia ya muziki wa jazi.

Mzee alikitazama kile kipengele cha mwisho kwa muda. Kisha akaniuliza kama katika zile krediti 120, na jazi imo. Nikamwambia imo, ni tatu.

"Basi asome," akasema.

Baiolojia kijana aliiandika kuwa somo lake kuu mwezi wa pili wa mwaka huu.